Mizani ya Manuripi

Mimi ndiye mshika mizani wa ushirika
hapa ukingoni mwa Manuripi, kaskazini mwa Bolivia,
ambako mvua ya Januari hainyeshi, inahamia.

Kabla yangu mizani ilikuwa ya Don Policarpo.
Alitukopesha mchele, sukari, mabuti ya mpira,
na tulipotoka msituni miezi mitatu baadaye,
gunia la kastanya lililompinda Nazaria Amutari shingo
lilifika kwake limekonda.
"Zimelowa," alisema, akakata.
"Zimeoza," akakata tena.
Kalamu yake ilikuwa kali kuliko mapanga yetu.
Deni lilibaki palepale mlangoni, kama mbwa wa nyumbani.

Nazaria hakujua kusoma daftari. Kuhesabu alijua.
Tunda la kastanya ni gumu kama fuvu,
na likidondoka kutoka juu kule halipigi hodi.
Lilimchukua mumewe, Eleuterio, asubuhi isiyo na upepo.
Tangu hapo huingia msituni na kofia ya mjenzi, ya manjano,
huchuchumaa, hupasua, humimina kokwa kikapuni,
na kila baada ya matunda mia
husukuma moja vichakani kwa ncha ya buti:
"Hili la jochi."

Jochi ni mnyama wa kimo cha sungura, mwenye meno ya seremala.
Hufukia kokwa za akiba, kisha husahau alipozifukia.
Msitu huu wote, asema Nazaria,
ni usahaulifu wake.

Mwaka juzi alikuja Ximena, binti wa masoko, kutoka La Paz,
kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki.
Akatuambia: kokwa isiyo na jina huuzwa kwa bei ya mwenye lori.
Basi tuandike nini kwenye pakiti?
Akatusomea alichotunga: "Nunua, uokoe msitu."
Tulipiga makofi. Nazaria hakupiga.
"Huyo mnunuzi," akauliza, "anaujua msitu upi?"

Akamshika mkono, akamvusha barabara hadi kwenye malisho.
Sheria inakataza kuukata mti wa kastanya,
kwa hiyo mwenye ng'ombe ameiacha mitatu
imesimama katikati ya nyasi, haina kesi na mtu,
kama wageni waliosahauliwa kwenye harusi iliyokwisha.
Maua yapo. Nyuki wa maua hayo ni wa kivulini,
hawalivuki jua la nyasi.
"Miaka tisa," Nazaria akasema, "haijazaa hata tunda moja.
Mti peke yake ni nguzo. Andika hilo."
"Ni refu, bibi. Halienei kwenye pakiti."
"Basi ongeza pakiti."

Siwadanganyi. Halikuenea.
Liliandikwa nyuma, kwa herufi za mchwa,
chini ya tarehe ya kuharibika.
Na bei bado huanguka bila kupiga hodi, nayo haina kofia yake.
Deterlino, mpwa wangu, alichoka kungoja malipo ya pili,
akauza sehemu yake; sasa kuna ua wa waya pale
na ndama wanaokohoa moshi.
Mwaka huo nilitaka kumlaumu. Mtoto wake alikuwa na homa.
Nikanyamaza.

Lakini mwaka huu tumelipa deni la mwisho la mchele,
na mwanamke mmoja wa nchi ya theluji,
aliyesoma nyuma ya pakiti kwa miwani mbili,
ametuma barua ya swali moja tu:
Na nyuki, hawajambo?

Nazaria alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Basi siku ya kupokea mzigo,
magunia yakipanda, hata maneno yangu nayapima:

Ninasoma kwa sauti, wote walio foleni,
Sikati wala sifuti, uzito u hadharani;
Nje imesimama miti, nyuki wamo mauani,
Na jochi, bila ya cheti, afukia udongoni.